Maneno ya mwili mbele ya watu
Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walianza kucheza kila Februari The Vagina Monologues ya Eve Ensler, ili kuchanga pesa juu ya wanawake waliotendewa ukatili. Mwaka 2009 kampeni hiyo iliweka mbele wamama wa Kongo. Mwaka 2011 City of Joy ikafunguliwa Bukavu. Ile kazi tunaisifu. Mchezo wenyewe tunaupima. Kwetu mambo ya mwili yalisemwa na shangazi, ndani ya nyumba, sauti chini. Wazee waliita hiyo heshima. Sawa, lakini aliyebakwa naye tulimnyamazisha kwa heshima ileile! Hapo Ensler anatushinda. Kasoro yake ni ingine: mwanamke wake anasema peke yake, hakuna wa kumwitikia. Shangazi, yeye, alikuwa anauliza na kujibiwa.