Jinsi ute wa njano ulivyochora reli za Tokyo

Ramani ilikuwa na upana wa sentimita 17 tu. Juu yake watafiti walipanga vipande 36 vya chakula, kila kimoja mahali pa mji mmojawapo wa eneo la Tokyo, na penye Tokyo yenyewe wakaweka donge la ute wa njano uitwao Physarum polycephalum. Katika baadhi ya majaribio, milima, maziwa na bahari waliviwakilisha kwa mwanga, kwa kuwa kiumbe huyu hukimbia mwanga mkali. Donge likatambaa pande zote kama shuka moja pana, likakifunika chakula, kisha likaanza kujipunguza. Kufikia saa ya 26 palibaki mirija tu, ikiunganisha vipande vyote kwa mpangilio uliokaribiana sana na reli halisi za eneo lile.

Atsushi Tero, Toshiyuki Nakagaki na wenzao walichapisha jaribio hilo katika jarida la Science mnamo Januari 2010, na tangu hapo limesimuliwa mara nyingi kwamba kiumbe asiye na ubongo aliwashinda wahandisi wa Japani. Hakuwashinda, na kusema hivyo kunaficha kilicho bora zaidi ndani ya kazi ile.

Physarum huishi kwenye magogo na majani yanayooza. Huitwa ukungu kwa mazoea, lakini si kuvu. Jamaa zake wa karibu ni amiba. Mwili wake wote ni seli moja yenye viini vingi mno, na seli hiyo yaweza kutanda sahani nzima. Ukiutazama mrija wake mmoja kwa hadubini utaona chembechembe zikikimbia upande mmoja, zinapunguza kasi, zinasimama, kisha zinarudi zilikotoka. Mzunguko huo huchukua kama dakika mbili. Kinachozisukuma ni kuta za mrija, ambazo hujibana na kulegea zenyewe.

Siri iko kwenye kuta hizo. Mrija unaopitisha ute mwingi hupanuka. Unaopitisha kidogo hunywea hadi ukafyonzwa, na mali yake ikatumika kwingine. Hesabu ya majimaji huongeza nguvu ya kanuni hii, kwani mrija ukipanuka mara mbili, kwa shinikizo lile lile hupitisha mara 16. Kwa hiyo tofauti ndogo ya mwanzo kati ya njia mbili hukua upesi, na hakuna sehemu ya mwili inayohitaji kuijua ramani nzima.

Nakagaki alikuwa ameshaionyesha nguvu hiyo mwaka 2000, alipomjaza Physarum kwenye mzingile mdogo na kuweka chakula kwenye milango miwili. Mirija iliyoishia ukutani ilinywea kwanza. Palipokuwa na njia ya milimita 41 na nyingine ya 33, ile fupi ndiyo iliyodumu. Palipokuwa na 44 na 45, ilibakia mara hii, mara ile. Nalipenda sana tokeo hilo la pili, kwa sababu linaonyesha kwamba kiumbe huyu hapimi umbali. Anachokuwa nacho ni mtiririko, na kwa tofauti ya milimita moja mtiririko hauwezi kuamua.

Turudi Tokyo, kwenye tarakimu. Watafiti walianza na mtandao mfupi kuliko yote inayoweza kugusa nukta zote, usio na njia ya pili popote. Urefu wa reli ulikuwa kama mara 1.8 ya huo. Wa Physarum, kwa wastani, mara 1.75. Umbali wa wastani kati ya mji na mji ulilingana, asilimia 85 ya ule wa mtandao mfupi. Masimulizi mengi huishia hapo. Kipimo cha tatu kiliuliza: kiungo kimoja kikikatika popote pale, kuna uwezekano gani sehemu fulani itengwe na nyingine? Kwa reli ni asilimia 4. Kwa Physarum aliyewekewa mwanga ni kama 14, na kwa asiyewekewa ni kama 20. Reli za watu zilikuwa imara zaidi, na abiria wa Tokyo wanapaswa kulifurahia hilo.

Basi faida ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye milinganyo ambayo watafiti hao waliitunga kutokana na tabia hiyo ya mirija. Ndani ya kompyuta, nukta mbili huchaguliwa kwa bahati nasibu, moja inasukuma, nyingine inapokea. Kila mrija unarekebishwa kulingana na kilichopita ndani yake. Kisha nukta nyingine mbili, tena na tena. Hapa mbunifu anapata uhuru ambao ute haumpi. Akiongeza kiasi kinachosukumwa, mizunguko, yaani njia za pili, huongezeka, mtandao unakuwa mgumu kukatika lakini ghali. Akizidisha upendeleo kwa mirija mipana, mizunguko hufa na kubaki matawi matupu. Udhaifu ule wa asilimia 14 unageuka kuwa kitu cha kurekebishwa.

Ndiyo maana siwekei matumaini makubwa majaribio ya kumlaza kiumbe mwenyewe juu ya ramani za nchi ili kuhukumu barabara zake, kama alivyofanya Andrew Adamatzky wa Bristol kwa nchi nyingi, na hata kwa barabara kuu za kuvuka Afrika. Ni majaribio mazuri ya biolojia, lakini sahani haina gharama za madaraja wala idadi ya wasafiri.

Kanuni imesafiri mbali kuliko kiumbe. Mwaka 2012 Bonifaci, Mehlhorn na Varma walithibitisha kihisabati kwamba milinganyo ya namna hii, ikitumiwa kwa mzingile, huishia kwenye njia fupi kabisa. Mwaka 2020 kundi la Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, lilitumia programu ya jamii hiyo, ambamo chembe za kubuni huacha alama na kufuata alama za wenzao. Walizipa galaksi 37,000 badala ya chakula, zikachora nyuzi zinazoziunganisha. Kisha wakalinganisha nyuzi hizo na vipimo vya darubini ya Hubble, wakaona alama za gesi ya haidrojeni zikibadilika kulingana na msongamano ambao programu ilikuwa imeukadiria.