Dillard Aliuona Mdomo, Hakuuona Mgongo

Mdudu aliyenidunga Mwea sikumwona. Nilikuwa nimesimama ndani ya shamba la mpunga la mjomba, suruali imekunjwa, maji yamenifika karibu na goti, nikijaribu kupiga picha ya yangeyange. Kitu kikanichoma kwenye kidole cha mguu. Nilidhani nimekanyaga msumari uliotoka motoni. Nikapiga nduru ile ya mtu ambaye hana haya tena. Vijana waliokuwa wakipalilia walicheka kwanza, ndipo wakauliza nina nini. Mjomba akasema tu, "Toka polepole, kijana. Umemkanyaga mwenyewe."

Kule nyumbani, ndani ya begi langu, kulikuwa na kitabu cha Annie Dillard, Pilgrim at Tinker Creek. Nitakuwa mkweli: nilienda Mwea kwa sababu ya kitabu hicho. Nilitaka kuona kitu cha kutisha majini, nirudi Nairobi nikiandike vizuri.

Kama hujakisoma, kilitoka mwaka wa 1974, Dillard akiwa hajafika miaka 30, na mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya Pulitzer. Ni mwaka mmoja wa kutembea na kutazama kando ya kijito karibu na mji wa Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani. Watu wengi hukikumbuka kwa tukio moja lililo katika sura ya kwanza kabisa. Dillard anatembea kando ya maji akiwashtua vyura ili waruke. Mmoja haruki. Anamkaribia, anapiga magoti nyasini, na mbele ya macho yake chura yule anaanza kunywea hadi anabaki ngozi tupu inayoelea. Nyuma yake kuna kivuli kinachoteleza na kwenda zake. Ni kunguni-maji mkubwa, yule ambaye Wamarekani humwita mng'ata-vidole. Dillard anaeleza kwamba alikuwa amesoma habari zake, ila alikuwa hajawahi kumwona.

Kazi ya mdudu huyu anaieleza barabara. Ana miguu ya mbele ya kukaba, na mdomo kama sindano. Humdunga windo, humwaga ndani yake mate yanayoyeyusha nyama, kisha hufyonza. Hula wadudu wenzake, viluwiluwi, samaki wadogo, hata vyura. Mwanadamu si chakula chake. Akikudunga ni kwa kujitetea, kwa sababu umemkanyaga au umemshika. Maumivu ni makali na huchukua saa kadhaa, lakini kwa kawaida hayana madhara zaidi. Mimi nilichechemea hadi jioni, mguu ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, shangazi akipita kila mara kuniuliza kama bado niko hai.

Basi nikiwa nimekaa pale na karai langu, nikafungua ile sura tena. Mara hii haikunitetemesha kama zamani. Kuna jambo lilikuwa linanikwaza, na sikulijua ni nini.

Jioni mjomba alirudi na kopo la plastiki. Ndani mlikuwa na kunguni-maji mwingine, wa jamii ndogo, kama urefu wa kifundo cha kidole. Mgongo wake wote ulikuwa umejaa mayai yaliyosimama wima, yamepangwa yakabanana kama nafaka kwenye gunzi la hindi. Nikasema, "Huyu mama amebeba mzigo." Mjomba akacheka. "Huyo ni baba."

Na ni kweli, vitabu vya wadudu vinasema hivyo. Katika jamii kadhaa za kunguni-maji, jike hugundisha mayai juu ya mgongo wa dume, kisha huenda zake. Dume hubaki nayo mpaka yaanguliwe. Huyapandisha juu yapate hewa, huyapitishia maji, na kwa kuwa mabawa yamefunikwa, kuruka hawezi. Katika zile jamii kubwa, kama ya yule aliyefyonza chura, mara nyingi mayai hutagwa kwenye shina la mmea juu ya maji. Hapo dume huyalinda, na hupanda na kushuka akiyalowesha yasikauke.

Sasa nilijua kilichokuwa kinanikwaza. Dillard aliuona mdomo, hakuuona mgongo.

Mtu atasema hilo si kosa, kwamba mwandishi huandika alichoona. Nakubali, na silaumu macho yake siku ile. Ninachohoji ni uzito aliokitwika alichoona. Baada ya chura tu, anageukia Kurani na lile swali la kama mbingu na ardhi viliumbwa kwa mchezo. Ni swali kubwa na zito. Lakini limejengwa juu ya mdudu mmoja, kwa dakika chache, tena akiwa mezani. Ukimtazama yeyote kati yetu saa ya kula tu, sijui utamwamini Mungu wa namna gani.

Tena mayai hayajasahaulika kitabuni. Kuna sura nzima kuhusu uzazi, na ndiyo iliyoniogofya zaidi nilipokuwa chuoni. Humo kuzaa kwa viumbe kunaonekana kama ubadhirifu: maelfu yanatagwa ili maelfu yaliwe. Ni sura yenye nguvu, na hesabu yake ni ya kweli. Ila yule baba wa kwenye kopo anaiharibu kidogo. Hapa kuna muuaji yuleyule, mwenye sindano ileile, amenyimwa kuruka kwa sababu ya watoto. Kama ulimwengu ni mkatili, basi ni mkatili kwa namna ngumu zaidi kuliko ile ya chura aliyenywea. Natamani kalamu ya Dillard ingepambana na hilo, maana angeliweza.

Nasema haya na mimi nimo. Rasimu niliyoenda nayo Mwea ilikuwa nakala ya macho yake. Sisi watu wa mjini tunapenda sana safari hii: unaenda ushago siku mbili, unaona kitu kimoja kinachotisha, unarudi na insha kuhusu maisha na kifo. Wale wanaoshinda ndani ya maji hayo tangu alfajiri wanabaki kuwa watu wa pembeni ambao hucheka. Katika rasimu yangu mjomba hakuwa na hata sentensi moja, ilhali ndiye aliyejua baba ni nani. Tena aliniambia kwamba siku hizi wadudu hawa wamepungua tangu watu waanze kupuliza dawa sana. Japani nako, jamii yao moja kubwa iliyokuwa ikiishi kwenye mashamba ya mpunga imo katika orodha ya viumbe walio hatarini, na dawa ni mojawapo ya sababu. Huko Thailand wanamsaga na pilipili, wanamla. Kwa hiyo hata swali la nani anamfyonza nani halina jibu moja.

Je, kitabu kisomwe? Kisomwe, tena leo. Sentensi zake bado zinanifanya nifunge kitabu nitembee kwanza chumbani. Ila ukifika kwenye chura, tua kidogo ujiulize mwandishi alikuwa amekaa wapi. Alikuwa nyasini, pakavu.

Kabla ya kulala, mjomba alichukua tochi tukaenda kumrudisha yule baba majini. Akainamisha kopo polepole, asiyaguse mayai. Asubuhi yake nilirudi shambani nimevaa gambuti zake, na simu nikaiacha nyumbani.