Muratina Njema Haipimwi kwa Ukali

Siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, iwe Kayole, Umoja au Buruburu, muratina hufika kwa jerikeni, na wengi wakishaionja huisifu kwa neno moja: kali. Kwangu, sifa hiyo ndiyo inayokiharibu kinywaji hiki, kwa sababu anayepika humpa mnywaji kile anachokisifu. Muratina ya asili ni asali na maji, au maji ya miwa, iliyochachushwa kwa tunda la mvungunya. Tunda hupasuliwa, huanikwa, kisha hulowekwa na kuchemshwa ili uchungu upungue. Nyuzi zake ndizo zinazobeba chachu, na baada ya kazi huanikwa tena zitumike kwa pishi linalofuata. Mtungi hukaa penye joto kwa siku kadhaa. Kazi yote hiyo inatafuta ladha, wala si nguvu peke yake.

Kwa hiyo anza na pua. Muratina ya asali hunukia maua na nta hata baada ya utamu wake mwingi kuliwa na chachu. Ikinukia unga wa mkate ulioumuka, shuku kwamba mpishi aliiharakisha kwa hamira ya dukani. Ukungu usikusumbue, maana kinywaji hiki hakichujwi hadi kikang'aa. Mdomoni tafuta uchachu kwanza. Wanaopima divai nyeupe, iwe ya zabibu za Dimyat kule Bulgaria au ya Dodoma hapa jirani, huutafuta pia, kwa kuwa pasipo uchachu utamu hulala ulimini na kuchosha. Uchachu mzuri huuamsha ulimi, kisha huondoka. Ule unaochoma koo na kunuka siki ni dalili kwamba hewa iliingia mtungini. Uchungu wa tunda uje mwisho, tena kidogo. Ukitangulia, tunda halikulowekwa vya kutosha.

Kuna watakaosema kwamba sukari ni sukari, na kwamba asali ni ghali mno kwa mfuko wa mkazi wa Dandora. Bei ni hoja ya kweli, na simlaumu anayechanganya. Lakini sukari ya dukani huipa chachu chakula tu. Haina harufu ya kuacha nyuma, ndiyo maana muratina yake huwa nyepesi na tupu. Mwenye pesa chache atapata ladha zaidi kwa maji ya miwa yaliyokamuliwa vizuri kuliko kwa sukari iliyopakwa asali juujuu. Wengine hulalamika kwamba kila pishi lina ladha yake, wakati bia ya kiwanda cha Ruaraka, inayotengenezwa tangu 1922, haibadiliki. Lakini asali hufuata maua ya msimu, kama divai inavyofuata mvua na jua la mwaka wake. Tofauti ya namna hiyo si kasoro. Kasoro ni pishi lililooza au lililoharakishwa.

Narudi kwenye ukali, kwa maana hapa hatari ni kubwa kuliko ladha. Pombe inapoongezeka mtungini huiua chachu yenyewe, hivyo kinywaji kilichochachushwa bila kukenekwa ni nadra kupita asilimia 15 au zaidi kidogo. Kikikuunguza kama pombe ya kukeneka, huenda kimeongezwa kitu. Novemba 2000, katika vijiji vya Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwongozo huu hauwezi kukukinga na sumu hiyo, kwani hakuna ulimi unaoitambua. Kinga ni kumjua aliyepika. Kabla ya kuagiza ya sherehe, muulize alichachusha kwa kitu gani, kwa siku ngapi, na umwombe akuonyeshe matunda yake yaliyoanikwa. Asiye na tunda la kuonyesha, usinunue kwake.