Nani Aliyejenga? Majumba ya Pwani na Njia ya Tabora

Prita Meier, mwanahistoria wa sanaa na usanifu majengo, amejijengea jina la kitaaluma kwa kuchunguza uhusiano wa majengo na mamlaka katika mwambao wa Waswahili. Kitabu chake Swahili Port Cities (2016) kinaonyesha kwamba nyumba ya mawe ya Mombasa au Unguja haikuwa makazi tu. Ilikuwa tamko la hadhi, la kuonyesha kuwa mwenyewe ana uhusiano na ng'ambo ya bahari. Fundisho hili ni la maana, maana linapinga dhana kwamba jengo halina upande.

Hata hivyo, uchambuzi huo unaishia bandarini. Msomaji aliyeko Tabora lazima aulize: mali ya kujengea majumba hayo ilitoka wapi? Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Sehemu kubwa ya pato la dola yake ilikuwa ushuru wa forodha, ukiwamo ule wa pembe za ndovu zilizopita Unyanyembe. Pembe hizo zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa safari ya miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi. Kwa hiyo jumba lile ni la Tabora pia.

Tena, Unyanyembe inatufundisha kuwa mamlaka hayahitaji mawe. Huko matajiri wa misafara walijenga matembe ya udongo yenye paa bapa. Lakini Mtemi Mnywa Sele alipowatoza kodi, walishirikiana na wapinzani wake kumng'oa mwanzoni mwa miaka ya 1860. Naye Mtemi Isike alipozingirwa na Wajerumani ndani ya ngome yake, Januari 1893, alijilipua kwa baruti kuliko kusalimu amri. Baadaye Wajerumani walijenga boma lao Tabora, na mwaka 1912 reli ilifika na kumaliza kazi ya mpagazi katika njia ile.

Leo tembe la Kwihara ni makumbusho, nalo hujulikana kwa jina la Livingstone, mgeni aliyekaa hapo miezi michache tu mwaka 1872. Waliokanda udongo wake hawatajwi. Kuita jengo kwa jina la mgeni nako ni kutawala. Basi mwanafunzi wa historia asiulize tu jengo lilimtukuza nani. Aulize pia nani alilibeba mgongoni.