Ki- Haina Hatia: Neno juu ya Lugha, Sheria na Dharau

Wamo miongoni mwetu wanaodai kwamba dharau kwa wenye ulemavu yakaa katika kiambishi ki-, kwa kuwa kipofu, kiziwi na kiwete wamewekwa pamoja na kiti na kisu. Dai hili latolewa kwa huruma, lakini ni dhaifu. Kijana, kinyozi na kiongozi wamo katika ngeli iyo hiyo, wala sijamwona mtu amdharauye kiongozi kwa ajili ya kiambishi chake. Tena sarufi yenyewe yamtetea mtu: twasema "kipofu ameketi", hatusemi "kipofu kimeketi". Na neno mlemavu, lenye m- ya watu, halikupata heshima zaidi. Nalo limeachwa katika maandishi rasmi, likaja "mtu mwenye ulemavu".

Jina hilo ndilo la Sheria Na. 9 ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya Tanzania kuridhia, mwaka 2009, Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao. Sheria yamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awape asilimia 3 ya nafasi za kazi. Ni jambo jema. Lakini Talatala, wilayani Kyela, watu huishi kwa mpunga, kakao na samaki wa Ziwa Nyasa. Mwajiri wa namna hiyo ni nadra.

Huko nilimsikia mnunuzi wa mpunga aliyesimama mbele ya mama asiyeona, mwenye magunia yake. Hakumwuliza yeye, alimgeukia mtoto aliyemshika mkono, akasema, "Anataka kiasi gani?" Mama akataja bei mwenyewe, kwa sauti ya wazi. Swali la pili likaenda kwa mtoto vilevile.

Dharau ilikuwa katika a-. Nafsi ya pili iligeuzwa kuwa ya tatu, na aliyepo akasemwa kama hayupo. Katiba, katika ibara ya 13, yakataza ubaguzi. Lakini mnunuzi yule angeshitakiwa kwa neno lipi? Hakutamka tusi. Angalisema "mama mwenye ulemavu anataka kiasi gani", kosa lingalibaki lile lile. Nasi wenye kamusi twashindana kusafisha majina, na jinsi watu wasemeshanavyo sokoni twaiacha, labda kwa sababu haiingii katika orodha.

Mama aliuza kwa bei aliyoitaja. Fedha zilihesabiwa mkononi mwa mtoto.