Basi Lisilosimama Biryogo: Uhakiki wa Ziara za Kimasomo za Wanafunzi wa Kiswahili Jijini Kigali

Miongoni mwa tanzu za uandishi zinazofundishwa katika shule za sekondari za Afrika Mashariki, insha ya ziara ni nadra kuhakikiwa. Huhesabiwa kuwa zoezi tu, na umbo lake linafahamika: mwanafunzi huamka alfajiri, basi huchelewa, wenzake huimba njiani, mwelekezi hueleza, picha hupigwa, na jua linapotua wote hurejea wakiwa wamechoka lakini wamefurahi. Insha ya namna hiyo ingeweza kuandikwa na mwanafunzi aliyebaki bwenini akiugua malaria. Kwa kawaida lawama humwendea mwandishi wake: hana msamiati, hana ubunifu, ameiga. Makala hii inadai kwamba kasoro iko katika ziara yenyewe kabla ya kuwa katika insha, na kwamba mji wa Kigali unaidhihirisha kasoro hiyo waziwazi.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi nchini humo pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mtaala unaozingatia umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi atende kwa lugha badala ya kukariri kanuni zake. Ziara ya kimasomo inalingana na matakwa hayo, na Kigali haina uhaba wa mahali pa kwenda: Kituo cha Kumbukumbu cha Gisozi, Nyumba ya Kandt, makumbusho yaliyo katika jengo la Bunge huko Kimihurura, au ikulu ya zamani ya Kanombe. Hata hivyo, darasa la Kiswahili linapokwenda huko, huenda likiwa mgeni wa somo la historia. Mwanafunzi husoma maelezo kwa Kinyarwanda au Kiingereza, husikiliza kwa Kinyarwanda, huuliza kwa Kinyarwanda, kisha jioni huagizwa kuandika kwa Kiswahili. Mahali penyewe Kiswahili hakikuwa na kazi yoyote. Kilichoandikwa jioni ni tafsiri ya uchovu.

Gisozi ndipo mahali ambapo upungufu huo unagharimu zaidi. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2004, katika kumbukumbu ya mwaka wa kumi, na wamezikwa humo zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994. Maelezo ya ukutani katika maonyesho yake makuu yameandikwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwanafunzi anayetakiwa kuyaeleza kwa Kiswahili hukwama katika jambo la kwanza kabisa, yaani jina la tukio. Kiswahili cha vyombo vya habari humpa istilahi mauaji ya kimbari. Mbari ni ukoo, watu wa nasaba moja. Mnyarwanda anayetafuta neno la kwao linalokaribiana na hilo hufikia ubwoko, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa ubwoko ni neno lenye historia mbili. Kwanza ni ukoo kama vile Abanyiginya, Abega, Abasinga au Abazigaba, na koo hizi zina Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Pili, ndilo neno lililochapishwa katika vitambulisho tangu ukoloni wa Wabelgiji kutaja Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na ambalo wauaji walilisoma kwenye vizuizi vya barabarani.

Akilichukua neno la Kiswahili kama lilivyo, basi, mwanafunzi huandika pasipo kukusudia kwamba koo ziliuana. Kinyarwanda chenyewe kilihangaika na tatizo hili: maneno itsembabwoko na itsembatsemba yalitumika kwa miaka kadhaa, kisha lugha rasmi ikachagua jenoside yakorewe Abatutsi, ikikopa neno la kimataifa ili kuepuka utata na kumtaja aliyeuawa. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa nao ulirekebisha jina la siku ya tarehe 7 Aprili ili imtaje mwathirika huyo. Je, Kiswahili cha mwanafunzi kiseme mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kuacha wingi wa matumizi uifute asili ya mbari? Au kikope jenosaidi, kama Kinyarwanda kilivyofanya? Hoja zipo pande zote mbili. La kwanza limekwisha kuzoeleka kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura; la pili ni sahihi zaidi lakini bado linasikika geni. Inayofaa kusisitizwa ni nafasi ya swali lenyewe. Swali hili haliwezi kuzuka kwa uzito wake katika chumba cha darasa, mbele ya orodha ya msamiati. Huzuka pale Gisozi, mbele ya majina na picha za watu, wakati mwanafunzi anapojua kwamba neno baya litamkosea heshima mtu halisi. Hiyo ndiyo kazi ambayo Kiswahili kingepewa mahali pale: wanafunzi wagawane paneli chache, wazitafsiri papo hapo, na wabishane kwa sauti ya chini juu ya kila istilahi. Insha itakayofuata haitakuwa na nafasi ya wimbo wa ndani ya basi.

Nyumba ya Kandt, iliyoko Nyarugenge, ina historia nyingine. Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyekuja eneo hili akitafuta chanzo cha Nile, alianzisha makao ya utawala Kigali mwaka 1907. Wanafunzi huambiwa kwamba mji ulianzia hapo. Wasichoambiwa kwa mkazo unaostahili ni kwamba utawala huo, kama ulivyokuwa kote katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ulitegemea Kiswahili, na kwamba miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa mji huo walikuwamo askari, makarani na wafanyabiashara waliokisema. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilikuwapo Kigali tangu siku za mwanzo za mji. Darasa linalokwenda kwa Kandt bila kuuliza wale watu walikwenda wapi limezuru nusu ya nyumba.

Walikwenda Biryogo. Enzi za Wabelgiji, Waislamu na wasemaji wa Kiswahili walitengewa makazi yao chini ya mlima, katika eneo la Nyamirambo, na lugha yao ikashukiwa na wamishenari kuwa mlango wa Uislamu. Shaka hiyo iliingia katika lugha ya taifa. Katika Kinyarwanda cha mazungumzo neno umuswahili limebeba, pamoja na maana ya Mwislamu, maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Mwanafunzi wa Kigali huja darasani akiwa na neno hili kichwani, na hakuna kitabu cha kiada kitakachomwondolea. Huja pia na maneno mengine asiyojua kwamba yana jamaa katika Kiswahili: igitabo na ikaramu alizobeba mkobani, ameza anayoandikia, isabune aliyoogea, umwarimu anayemfundisha.

Biryogo ipo hadi leo, misikiti yake ikiwa imezungukwa na maduka, chai na chapati, na Kiswahili husikika humo bila kuagizwa na mtaala. Kutoka Nyumba ya Kandt si mwendo mrefu. Shule nyingi za Nyarugenge zingeweza kwenda kwa miguu, jambo ambalo si dogo kwa wazazi wanaochangishwa nauli ya basi kila muhula. Bado ratiba ya kawaida ya ziara hupita barabara ya juu na kuendelea.

Sababu zinazotolewa ni mbili, na moja tu ndiyo yenye nguvu. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili cha mtaani si sanifu: kimechanganyika na Kinyarwanda, kimepokea mengi kutoka Kongo, na kitamharibia mwanafunzi mtihani. Hofu hii inamdharau mwanafunzi. Anayeweza kubadili kati ya Kinyarwanda cha nyumbani na Kiingereza cha darasani ndani ya dakika moja hawezi kushindwa kutambua kwamba upatanisho wa kisarifi wa muuza viatu unatofautiana na wa mwalimu. Tena somo la sajili, ambalo hufundishwa kwa mazungumzo ya kubuni baina ya muuzaji na mnunuzi ambao hawajawahi kupunguziana bei, lingepata hapo data yake ya kwanza.

Sababu ya pili ni nzito. Watu wa Biryogo si vielelezo vya makumbusho. Wanafunzi arobaini wenye madaftari wanaosimama mbele ya kibanda cha mtu na kuandika anavyotamka huweza kurudia, kwa nia njema, ule utengano wa zamani. Pingamizi hili halijibiwi kwa kufuta ziara. Linajibiwa kwa kupunguza idadi, kuomba ruhusa mapema, kupeleka maswali kabla, na kumfanya mkazi kuwa msimulizi mwenye haki ya kuchagua anachosimulia na anachonyamazia. Katika mji huu kunyamaza nako kuna sababu zake, na mwanafunzi wa miaka kumi na sita anaweza kufundishwa kutouliza.

Kuhusu maadhimisho ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, maneno machache yatatosha. Ngonjera, kanga na hotuba zina raha yake, na zimewapa wanafunzi wengi nafasi ya kwanza ya kusimama jukwaani. Lakini hadhira huwa ni walimu na wageni rasmi, watu ambao tayari wanakubali kila linalosemwa. Siku hiyohiyo ingeweza kutumiwa kurejea Nyamirambo na kuwasomea wasimulizi yale yaliyoandikwa juu yao, wakiwa huru kukatiza na kusahihisha, hata pale wanaposahihisha kwa Kiswahili ambacho mtihani ungekikata alama. Mwalimu aandike masahihisho hayo pembeni mwa insha kama yalivyotamkwa, na kalamu nyekundu isubiri hadi Jumatatu.