Raia Mbele ya Vitabu vya Vita

Wako wadhanio kwamba vitabu vya vita ni mali ya maaskari, na kwamba raia avisomapo hana haki ila ya kustaajabu. Dhana hii yaweza kupimwa vema katika nchi ya Mbulu na Hanang, ambayo majeshi yalipita mlangoni pake mwaka 1916.

Mwezi wa Aprili mwaka ule wapanda farasi wa Jenerali van Deventer, waliopigana upande wa Uingereza, walitoka Arusha, wakapita Lolkisale na Ufiome, wakaiteka Kondoa Irangi tarehe 19. Usiku wa Mei 9 Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, aliwashambulia huko asifaulu. Kumbukumbu zake, zilizotolewa mwaka 1920, ni kazi ya mtu ajuaye ufundi wake. Wala hawasahau wapagazi na chakula. Lakini nafaka katika kitabu chake ni hesabu ya siku ambazo kikosi kitaweza kwenda; si ghala ya mtu iliyoachwa tupu. Jambo ni moja, maana ni mbili. Na ile ya pili hapana aijuaye kuliko mkulima.

Hapo ndipo raia aingiapo kwa haki. Kwa nini van Deventer, aliyekwenda kwa kasi namna ile, alikaa Kondoa hata masika yakapita? Mwanafunzi wa mbinu za vita atatafuta jibu katika idadi ya bunduki na mizinga. Mfugaji wa Hanang atalitafuta katika mvua na mbung'o, naye atakuwa karibu zaidi na ukweli: mvua ilikata njia ya chakula, na farasi walikufa kwa wingi kwa maradhi.

Hata hivyo huruma peke yake si usomaji. Asomaye ili ahuzunike tu, asifuate ramani, hataelewa njaa ya Mtunya iliyoangamiza watu wengi huko Ugogo, kusini ya Kondoa, tangu mwaka 1917. Njaa ile haikuletwa na ukame pekee. Majeshi yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana. Yapasa kujua yalipita wapi na yalikaa wapi, ndipo msiba ule uelezeke.

Wala Wairaqw hawakungoja kufundishwa mbinu na jemadari. Nyumba zao za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa likilingana na ardhi, ili adui ajaye kuteka ng'ombe asizione upesi. Hiyo nayo ni elimu ya vita, iliyotungwa na wakulima kwa ajili ya mama, mtoto na mfugo. Jemadari huuliza ni mlima gani uliotekwa. Msomaji raia ana haki ya kuuliza ni nani aliyesalimika chini yake, na kukihukumu kitabu kwa jibu lake.